Mwongozo Kamili: Namna ya Kumfikisha Msanidi Mpya kwenye Maelezo Sahihi ya Kujenga Programu Huria

Miradi mingi ya programu huria haikosi maelezo ya namna ya kuijenga programu kutokana na msimbo wake, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa. Tatizo ni kwamba maelezo hayo yametapakaa: kuna faili ndani ya hazina (mahali panapotunzwa msimbo wa mradi), kuna ukurasa wa wiki ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka, kuna mafunzo ya video ya miaka kadhaa iliyopita, na kuna majibu ya watu baki ambayo injini za utafutaji huyatanguliza mbele ya ukurasa rasmi. Msanidi mpya hana namna ya kujua ni lipi kati ya hayo lililo hai. Hufuata la kwanza kuliona, amri ya tatu ikagoma, akadhani kosa ni lake, na mradi usimsikie tena.

Mwongozo huu umekusudiwa watunzaji wa miradi, pamoja na yeyote anayetaka kuusaidia mradi hata kabla ya kugusa msimbo wake. Hoja yake ni kwamba maelezo ya kujenga yanapaswa kuwa na makao mamoja, na kila mlango ambao mgeni anaweza kuingilia uelekezwe kwenye makao hayo. Kuandika maelezo mapya ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kuziondoa njiani nakala za zamani.

Hatua ya kwanza: zitafute nakala zote

Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, ili historia yako ya utafutaji isiathiri matokeo, kisha andika maneno ambayo mgeni angeyaandika: jina la programu likifuatwa na “build from source”, halafu jina hilohilo pamoja na Windows, macOS, Ubuntu au Fedora. Usitafute kwa jina la faili unalolijua wewe, kwa sababu mgeni halijui. Orodhesha kila ukurasa unaojitokeza katika matokeo kumi ya mwanzo, hata ule ambao mradi hauna mamlaka nao. Baada ya hapo ingia ndani ya hazina na utafute huko nako kwa Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo:

git grep -n -i -E "how to build|compil|autogen|cmake" -- "*.md" "*.rst" "*.txt" "*README*" "*INSTALL*" "*HACKING*"

Kwa kila ukurasa au faili, andika mambo manne: anwani yake, tarehe ya mabadiliko ya mwisho, mtu mwenye uwezo wa kuuhariri, na kama amri zake bado zinafanya kazi. Tarehe ya faili iliyomo katika Git hupatikana kwa amri kama hii:

git log -1 --format=%as -- docs/build.md

Tarehe hiyo isikudanganye. Faili inaweza kuwa imeguswa wiki iliyopita kwa ajili ya kurekebisha tahajia tu, huku vitegemezi inavyovitaja, yaani programu nyingine zinazohitajika katika kujenga, vikiwa vimeachwa na mradi miaka mingi iliyopita. Jambo la tatu katika orodha, yaani nani anaweza kuuhariri ukurasa, ndilo linalosahaulika mara nyingi, ilhali ndilo litakaloamua utafanya nini katika hatua ya tano: ukurasa ulio chini ya mamlaka yako unaweza kuuelekeza kwingine, lakini ule ambao mwenye nywila yake hajulikani alipo itabidi uushinde kwa njia nyingine.

Hatua ya pili: chagua makao mamoja

Pendekezo langu ni kwamba makao hayo yawe ndani ya hazina yenyewe ya msimbo, katika folda kama docs/, na kwamba tovuti ya maelezo izalishwe kutokana na faili hizo. Mfano mzuri ni Firefox. Kwa miaka mingi maelekezo ya kuijenga Firefox yalikaa kwenye MDN, tovuti ileile ambayo watengenezaji wa kurasa za wavuti huitumia kusoma kuhusu HTML, CSS na JavaScript, na wakati huo tovuti hiyo ilikuwa wiki. Ukurasa wa kujenga kivinjari uliishi pamoja na maelfu ya kurasa zisizouhusu, na aliyebadilisha mfumo wa kujenga hakulazimika kuupitia. Baadaye maelezo hayo yalihamishiwa ndani ya msimbo wa Firefox wenyewe, yakawa yanazalishwa kwa Sphinx, zana ya kugeuza faili za maelezo kuwa tovuti, na kuchapishwa kwenye firefox-source-docs.mozilla.org; MDN nayo ikaacha mfumo wake wa wiki mnamo Desemba 2020 na kuhamia kwenye faili zilizohifadhiwa katika Git. Leo anayebadilisha namna Firefox inavyojengwa anaweza kubadilisha maelezo katika kiraka (furushi la mabadiliko) hichohicho, na mkaguzi akaviona vyote viwili kwa pamoja.

Njia hiyo ina gharama yake. Wiki humruhusu mgeni kusahihisha kosa kwa dakika moja, ilhali faili iliyo ndani ya hazina humtaka apitie mchakato mzima wa ukaguzi. Hata hivyo, katika maelezo ya kujenga, usahihi una uzito kuliko wepesi wa kuhariri, na sahihisho la mstari mmoja kwenye ukurasa huo ni mchango wa kwanza mzuri kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza mchakato wenyewe.

Kwa wale walioweka maelezo yao kwenye wiki ya GitHub kuna sababu nyingine ya kuhama, ambayo wengi hawaifahamu. GitHub hairuhusu injini za utafutaji kuorodhesha wiki yoyote tu: huruhusu zile za hazina zenye nyota (alama za kupendwa na watumiaji) 500 au zaidi, tena zikiwa zimewekwa zisihaririwe na umma. Mradi mdogo unaweza kuwa na ukurasa wa wiki ulioandikwa vizuri kabisa na usionekane katika utafutaji hata siku moja, si kwa ubaya wa maandishi bali kwa kanuni hiyo.

Hatua ya tatu: README imtenganishe mgeni na mtumiaji

README ndiyo faili ambayo karibu kila mtu huiona, kwa hiyo kiungo cha maelezo ya kujenga kinapaswa kuwa sehemu yake ya juu, kabla ya historia ya mradi, orodha ya wafadhili na safu ya beji za rangi. Kwanza hakikisha ni README ipi inayoonyeshwa. Ikiwa hazina ina faili zaidi ya moja yenye jina hilo, GitHub hutanguliza iliyo katika folda ya .github, kisha iliyo katika mzizi wa hazina, na mwisho iliyo katika docs. Unaweza kuwa unaisahihisha kwa bidii ile ya mzizi huku wageni wakionyeshwa nyingine.

Mkanganyiko mkubwa zaidi unatokana na kuwachanganya watu wa aina mbili: anayetaka kuitumia programu na anayetaka kuibadilisha. Chukua miradi ya GNU inayotumia Autoconf, zana ya kuandaa msimbo ujengeke kwenye mifumo tofauti. Vifurushi vyake vya matoleo huja na faili ya INSTALL inayomwelekeza mtu aandike ./configure, kisha make, kisha make install, na maelekezo hayo ni sahihi kwa aliyepakua kifurushi. Aliyeuchukua msimbo kwa git clone (amri ya kunakili hazina), kwa upande mwingine, mara nyingi haikuti faili ya configure, kwa sababu huzalishwa na Autoconf na kwa kawaida haihifadhiwi katika Git. Anatakiwa aanze kwa ./bootstrap, ./autogen.sh au autoreconf -i, kutegemea mradi. Coreutils, mradi wa GNU wa amri za msingi, ina faili ya README-hacking kwa ajili ya watu hao. Jina hilo linamtosha mtu aliyekulia katika desturi za GNU, ila kijana anayeanza leo anaweza kulipita bila kujua kwamba ndilo alilokuwa akilitafuta.

Mistari michache inatosha kuuondoa mkanganyiko huo:

Kujenga programu kutokana na msimbo
Umepakua kifurushi cha toleo? Soma INSTALL.
Umechukua msimbo kwa git clone? Soma docs/kujenga/index.md (Linux, macOS, Windows).
Utahitaji: GB 12 za diski, RAM ya GB 8, na upakuaji wa takriban GB 2.

Tarakimu hizo ni za mfano. Weka za mradi wako, nawe uzipime badala ya kuzikisia. Usiyanakili maelekezo yote ndani ya README, maana ukifanya hivyo utakuwa umezaa nakala nyingine itakayochakaa. Ikiwa mradi ni mdogo na kujenga kwake ni amri mbili, README yenyewe iwe ndiyo makao, na docs/ isirudie jambo hilo.

Hatua ya nne: milango mingine

Faili ya CONTRIBUTING huonyeshwa na GitHub kama kiungo pale mtu anapofungua tiketi (taarifa ya tatizo) au kuwasilisha ombi la kuunganisha mabadiliko. Iwe na kiungo cha ukurasa wa kujenga katika aya yake ya kwanza. Sehemu ya maelezo mafupi iliyo pembeni mwa ukurasa wa hazina ina nafasi ya anwani ya tovuti. Miradi mingi huweka hapo ukurasa wa matangazo ya bidhaa, na hilo halina ubaya mradi tu ukurasa huo una kiungo cha wachangiaji kinachoonekana bila kushuka hadi chini. Kama hazina iliyoko GitHub ni nakala tu na kazi halisi hufanyika kwenye seva nyingine, lisemwe hilo katika mstari wa kwanza wa README.

Mlango unaosahaulika ni ule wa ujumbe wa hitilafu. Mgeni aliyekosa kitegemezi hasomi tena tovuti. Anautazama ujumbe ulio mbele yake kwenye dirisha la amri, na kwa kawaida huunakili na kuubandika kwenye injini ya utafutaji, ambayo humpeleka kwenye ushauri wa watu wasioujua mradi wako. Afadhali ujumbe huo umlete kwako:

if ! command -v cmake >/dev/null; then
  echo "CMake haijapatikana. Soma docs/kujenga/linux.md, sehemu ya Vitegemezi." >&2
  exit 1
fi

Katika mfano huu nimetumia njia ya faili badala ya anwani ya tovuti, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Faili iliyo ndani ya hazina huwa ya toleo lilelile ambalo mtu amelichukua. Tovuti huonyesha maelezo ya leo, na anayejenga toleo la miaka miwili iliyopita atapewa amri ambazo msimbo wake hauzitambui. Firefox imekwenda mbali zaidi, kwani amri yake ya ./mach bootstrap hukagua mashine na kusakinisha vinavyohitajika, kiasi kwamba sehemu kubwa ya kile kilichokuwa kikiandikwa kama maelezo sasa kinatekelezwa na programu. Pale inapowezekana kugeuza aya ya maelekezo kuwa skripti, igeuze.

Hatua ya tano: nakala za zamani

Hapa ndipo penye kazi hasa, na ndipo miradi mingi huishia njiani. Rudi kwenye orodha yako na uzigawe nakala katika makundi.

Zile zilizo kwenye seva yako, zielekeze kwa msimbo wa 301, ambao huijulisha injini ya utafutaji kwamba ukurasa umehama kwa kudumu. Kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwenye ukurasa mpya unaolingana nao. Kuzituma kurasa zote kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti kunamfanya mgeni aanze upya, na injini za utafutaji zinaweza kuzichukulia kurasa hizo kuwa zimepotea.

Zile zilizo kwenye wiki isiyoweza kuelekeza, futa maandishi yote na uache sentensi moja yenye kiungo. Watunzaji wengi huogopa kufuta, hivyo huweka onyo la rangi nyekundu juu na kuyaacha maelekezo chini yake. Onyo hilo halisomwi. Anayetafuta amri za kunakili huruka moja kwa moja hadi kwenye amri, na historia ya wiki itayahifadhi maandishi ya zamani kwa yeyote atakayeyahitaji.

Kundi la tatu ni maelezo ya matoleo ya zamani ambayo yanapaswa kuendelea kuwapo. Hayo yasifutwe, ila yasishindane na ya sasa katika utafutaji. Kila ukurasa wa toleo la zamani uwe na lebo ya rel="canonical" inayoonyesha ukurasa unaolingana nao katika toleo la sasa; katika Sphinx anwani ya msingi huwekwa kwa html_baseurl, na Read the Docs, huduma ya kuchapisha maelezo, hukupa matoleo ya latest (msimbo wa sasa) na stable (toleo la mwisho lililotolewa) ambayo anwani zake hazibadiliki. Amua mapema ni lipi kati ya hayo mawili litakuwa la wasanidi. Kwa maelezo ya kujenga kutoka Git jibu ni latest, ingawa kwa maelezo ya watumiaji huenda likawa stable.

Kuna mtego mmoja hapa ambao huwanasa hata wazoefu. Mtu anataka ukurasa wa zamani uondoke kwenye Google, hivyo anauwekea noindex (alama ya kuuzuia usiorodheshwe), na kwa kujihakikishia zaidi anauzuia pia katika robots.txt (faili inayozikataza injini za utafutaji kufungua kurasa). Njia hizo mbili zinapingana. Google ikizuiwa na robots.txt haiufungui ukurasa, na isipoufungua haiwezi kuiona noindex, kwa hiyo anwani inaweza kuendelea kuonekana katika matokeo. Tumia noindex peke yake na uache ukurasa usomeke.

Nakala zilizo mikononi mwa watu wengine zinabaki kuwa suala la kuomba. Mwandikie mwenye ukurasa kwa adabu, ukimpa sentensi iliyo tayari ambayo anaweza kuibandika juu ya maandishi yake. Wengi hukubali ikiwa hawatakiwi kufikiri sana. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki ningeongeza picha za skrini na faili za PDF zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp ya wanafunzi: hizo hazielekezwi wala hazifutiki, na dawa pekee ni mwalimu au kiongozi wa kundi kuzoea kutuma kiungo badala ya picha. Kuhusu tafsiri ya Kiswahili, ushauri wangu ni kutafsiri ukurasa wa utangulizi na maelezo ya dhana, kisha amri zenyewe zibaki katika ukurasa mmoja unaotunzwa na mradi, isipokuwa kama kuna mtu aliyejitolea kuifuatilia tafsiri katika kila toleo.

Hatua ya sita: andika kwa maneno yanayotafutwa

Ukurasa wenye kichwa cha “Kuanza” hauna nafasi ya kupatikana, kwa kuwa maelfu ya miradi ina ukurasa wa jina hilo. Kichwa kitaje programu, kitendo na mfumo endeshi, kwa mfano “Kujenga Firefox kwenye Windows”, na kila mfumo endeshi uwe na ukurasa wake, kwa sababu mtu wa macOS hapaswi kuruka aya kumi za Windows ili azifikie zake.

Ndani ya ukurasa, andika neno kwa neno ujumbe wa hitilafu unaojitokeza mara kwa mara, ukifuatiwa na tiba yake, ili anayeubandika kwenye injini ya utafutaji afike kwako. Andika pia mambo yanayoshangaza ingawa si makosa. Anayeijenga Python kwenye macOS hupata faili inayoitwa python.exe, na ni rahisi adhani amejenga toleo la Windows kwa bahati mbaya. Mwongozo wa wasanidi wa CPython (msimbo mkuu wa Python) unalieleza jambo hilo. Diski ya Mac kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na katika msimbo tayari kuna folda inayoitwa Python, hivyo jina la python pekee lingegongana nayo. Sentensi mbili kama hizo huokoa jioni nzima ya mtu.

Hatua ya saba: gharama itajwe kabla ya amri ya kwanza

Maelezo ya Firefox kwa Linux hutaja mapema kwamba mtu awe na angalau GB 30 za diski na RAM isiyopungua GB 4, huku GB 8 au zaidi zikipendekezwa. Miradi mingi haitaji chochote, na hasa haitaji kiasi cha upakuaji, ambacho kwa mtu anayenunua bando kwa siku ni swali la kwanza kabisa. Anayegundua katikati ya kazi kwamba bando limekwisha hupoteza zaidi ya fedha, kwa sababu git clone iliyokatika haiendelei ilipoishia, huanza upya.

Kwa hiyo uweke chaguo la upakuaji mdogo katika maelekezo yenyewe, na usiliache kwenye maelezo ya ziada:

git clone --depth 1 https://mfano.org/mradi.git

Historia iliyobaki inaweza kuchukuliwa baadaye kwa git fetch --unshallow. Kwa hazina kubwa, toa pia faili moja iliyotengenezwa kwa git bundle, ambayo mtu anaweza kuipakua kwa curl -C - na kuendelea pale mtandao ulipokatikia. Kama mradi una sehemu nzito zisizohitajika kwa kazi ndogo, fikiria utaratibu ulio kwenye Firefox, ambako anayebadilisha sehemu za JavaScript au mwonekano hupakua vipande vya C++ na Rust vikiwa tayari vimejengwa na hana haja ya kuvijenga mwenyewe.

Hatua ya nane: yasichakae tena

Seva ya majaribio iendeshe amri zilezile zilizo kwenye ukurasa, katika mazingira yasiyo na kitu, angalau mara moja kwa wiki. Mazingira ya kawaida ya majaribio hayatoshi, kwa kuwa huwa tayari yana vitegemezi vyote, na kitegemezi kilichosahaulika katika maandishi hakitagundulika. Viungo vikaguliwe kwa sphinx-build -b linkcheck au kwa zana kama lychee. Vichwa vidogo vinavyorejelewa na ujumbe wa hitilafu visibadilishwe majina ovyo.

Mwisho, mtafute mtu ambaye hajawahi kuujenga mradi wako, mpe jina la mradi tu bila kiungo, na umwombe aujenge huku wewe ukitazama na kunyamaza. Andika alichotafuta, alichobonyeza kwanza, na mahali alipogeuza njia. Lifanye jaribio hilo wiki chache kabla ya msimu wa wageni, kwa mfano mnamo Septemba kabla ya Hacktoberfest (kampeni ya Oktoba ya kuchangia programu huria), au kabla ya waombaji wa Google Summer of Code (mpango wa Google wa wachangiaji wapya) kuanza kuipitia miradi, ili uwe na muda wa kurekebisha viungo kabla tiketi za “imeshindikana kujenga” hazijaanza kumiminika.